Namna ya Kumtoa Kausha Damu Ndani ya Nyumba

Kwanza tafuta daftari na kalamu. Simu iache chumbani, maana ndiyo iliyokukopesha. Andika kila anayekudai: kampuni ya mtaani inayopitia marejesho kila jioni (ndiyo kausha damu mwenyewe), programu za mikopo ya dakika tano, Songesha, kikoba, Mangi wa dukani, shemeji. Naam, shemeji naye aandikwe. Hatozi riba, lakini kwenye kikao cha ukoo atakutaja. Ukimaliza, mwite mwenzako wa ndani muisome orodha hiyo pamoja. Hapo ndipo wengi hukimbia, na nawaelewa. Lakini deni la siri hulipwa kwa deni jingine la siri, na hilo la pili ndilo huja na mkokoteni kubeba friji.

Kisha piga hesabu ambayo afisa mikopo hakuipiga mbele yako. Yeye alisema, "Riba asilimia ishirini tu, dada yangu." Haya. Umekopa 200,000, wakakata 10,000 ya fomu, ukaondoka na 190,000. Unarejesha 8,000 kila siku kwa siku 30, jumla 240,000. Mkopo umekugharimu 50,000, na ubaya wenyewe bado hujauona. Siku ya 15 umesharudisha 120,000. Fedha yao iliyobaki kwako ni 70,000 tu, lakini riba wanayokutoza ni ya laki mbili nzima kwa mwezi mzima. Ukihesabu vizuri, umelipa karibu nusu ya fedha uliyokaa nayo, ndani ya mwezi mmoja. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, kundi la kampuni hizi za mtaani, kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili, hiyo ni 7,000. Andika namba hizo mbili, 50,000 na 7,000, ubandike ukutani juu ya jiko. Maharage yakichelewa kuiva, zisome tena.

Sasa nije kwa mwalimu, muuguzi na askari, maana wao wamewekewa mtego wao peke yao. Kwa utaratibu wa utumishi, makato hayatakiwi kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara. Mkopeshaji wa mtaani analijua hilo, ndiyo maana hana haja na fomu ya makato. Anataka kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukitoka anakuwa wa kwanza kwenye ATM, kisha anapiga simu kwa upole: "Mwalimu wangu, umeingia. Pita ofisini nikupe cha kwako." Cha kwako! Theluthi uliyolindiwa na serikali imo mfukoni mwake, na ikifika tarehe kumi unamrudia akukopeshe mshahara wako mwenyewe. Nenda tawini kwako, fungisha kadi ile, chukua mpya, weka namba nyingine ya siri. Deni linabaki palepale na utalilipa, ila sasa kiasi mtakipanga wawili, mezani, shahidi akiwepo. Ukiwa na hofu, nenda na mwenyekiti wa mtaa.

Programu za simu zina tabia ya mlevi: zikikudai, zinamtangazia kila mtu. Siku ya kuipakua uliiruhusu isome majina yote ya kwenye simu. Siku ukichelewa, meseji inakwenda kwa bosi, kwa mchungaji na kwa mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Itafute orodha hiyo uone kama ya kwako imo. Meseji za matusi zihifadhi zote, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na malalamiko yana pa kupelekwa. Tena wewe uwatangulie. Waandikie ndugu zako: "Nina deni, ninalilipa. Mkipata meseji za ajabu, zipuuzeni." Ukishajitangaza mwenyewe, hawana tena cha kukutishia.

Kwenye kulipa kwenyewe, usimpe kila mmoja kidogokidogo ili wote wanyamaze. Anayekata kila siku ndiye wa kwanza, hata kama deni lake ni dogo kuliko la benki; benki ipe rejesho lake la kawaida. Mangi na shemeji waendee kwa mguu, uwape tarehe, na tarehe ikifika uonekane, hata kama umeshika elfu tano. Kama una cha kuuza, uza sasa: simu ya pili, sofa la kona, televisheni kubwa. Ukiuza mwenyewe, bei unapanga wewe. Wakija kukubebea vyombo, bei wanapanga wao, na majirani wanatoka nje kuangalia. Mkopo mmoja wa SACCOS wenye riba ya salio linalopungua unaweza kuyafunga madeni yote hayo, kwa sharti ambalo silegezi: ukishazilipa programu, zifute kwenye simu siku hiyohiyo.

Kuhusu matumizi nitasema moja tu, michango. Ahadi ya laki moja kwa harusi ya mtoto wa jirani, huku rejesho la kesho huna, ni deni jingine lililovaa kitenge cha sare. Toa elfu kumi, halafu nenda ukamenye vitunguu tangu asubuhi. Anayefika na kisu siku ya pilau hukumbukwa miaka.

Siku unamaliza deni, usitoke ofisini kwao mikono mitupu. Dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, mkataba wako, na kadi ya pikipiki au hati waliyoishikilia. Nakala ya barua mpelekee mdhamini wako jioni hiyohiyo, mkononi. Naye alikuwa anazima simu.