Shikamoo, Mchanga

Mlima umesifiwa ukatosheka. Kilimanjaro umo kwenye chupa za maji, umo kwenye chupa za bia, na kila anayefika kilele cha Uhuru hushuka na cheti. Mchanga wa ufukweni nao hauna shida, maharusi wameupigia picha hadi umezoea. Yatima ni mchanga wa njiani. Nauzungumzia ule wa barabara za ndani za Kisarawe na Kibaha, mwekundu hapa, mweupe pale, mlaini kama unga kote, ambao mwendesha baiskeli akiuona mbele yake huanza kutoa maneno ambayo hakufundishwa kwao. Lucian wa Samosata, mwandishi wa kale wa Kigiriki, aliwahi kumwandikia nzi sifa zake. Ikiwa nzi alipata wakili, mchanga haustahili kukosa.

Baiskeli zetu, kwanza, zinaitwa za milimani. Zilizaliwa California miaka ya 1970, vijana wa Marin walipokuwa wakipandisha baiskeli kuukuu hadi juu kisha wanaziachia zishuke na njia ya vumbi. Mwaka 1976 wakaanza kushindana, na mwaka 1996 Olimpiki ya Atlanta ikaupokea mchezo. Sisi wa Pwani tumeipokea baiskeli, mlima ukabaki kwao. Vilima vya Pugu, fahari yetu yote, havifiki hata mita 400. Mtu wa Lushoto akisikia tunaviita milima hucheka mpaka akaomba maji. Ila Mungu hamnyimi mja wake: alitupa mlima uliolazwa chini. Mahali ambapo jicho linaona tambarare tupu, kati ya Mlandizi na Soga kwa mfano, mapafu yanakuhakikishia kwamba unapanda.

Mazoezi ya lami yana uongo mwingi. Unatoka Maili Moja na barabara ya Morogoro, lori linakupita na upepo wake unakuvuta, saa ya mkononi inakuandikia mwendo wa bingwa, jioni unautuma kwenye kundi la WhatsApp upewe hongera. Mchanga hautoi hongera. Unakupa mwendo wako halisi, ambao mara nyingi ni ule wa bibi anayetoka kisimani, na huyo bibi ana ndoo kichwani.

Mafunzo yake ni machache na hayasamehe. Gia ishushwe kabla ya kuingia, si ukiwa ndani tayari. Makalio yarudi nyuma, tairi la mbele lipate kuelea. Mikono ilegee. Breki usiiguse. Baiskeli ikiyumba iache iyumbe, ina akili zake. Miguu izunguke bila kukatisha, macho yawe mbali mbele, kwenye ule ukingo wenye majani. Ukilitazama tairi, umelala.

Na kubwa kuliko yote, punguza upepo. Tangu John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, binadamu ameamini kwamba upepo mwingi ndio mwendo. Mchanga unakataa. Tairi gumu huchimba kaburi lake, lakini tairi lililolegezwa hutanuka, hukanyaga eneo kubwa zaidi, likapita juu juu. Nimeona watu wazima, wenye vyeo, wamechuchumaa kando ya njia ya Msimbu wakitoa upepo waliolipia mjini asubuhi ileile. Ni somo la unyenyekevu ambalo semina za ofisini hazijawahi kuliweza.

Mchanga pia umeajiri. Ndani yake umeficha mbigili, na mbigili anatafuta tyubu kwa bidii ya mkusanya kodi. Pasipo mbigili, yule fundi wa chini ya mwembe, mwenye beseni lake la maji, msasa, gundi na kipande cha tyubu kuukuu cha kukata viraka, angeishi vipi? Huku tunamwona ni wa kupitiwa mara moja moja. Kumbe ndiye kituo kikuu cha michezo wilayani. Pale ndipo utajua nani kapita, njia ipi imekatika, na wapi mihogo ya kuchoma ipo tayari.

Tena unafundisha adabu. Kwenye lami hupati nafasi ya kumsalimu mtu, ukimaliza kusema shikamoo yeye yuko mita hamsini nyuma. Kwenye mchanga unakokota, na anayekokota lazima asalimie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni. Imeharibika?"

"Hapana mzee, nzima kabisa."

"Sasa mbona mnaikokota?"

"Mchanga, mzee."

"Ahaa. Na hiyo bei gani?"

Hapo kila mmoja wetu hutaja nusu ya bei, na mzee bado huguna.

Siku ya mashindano ndipo ukuu wake unapoonekana. Pale kwenye kuanza, chini ya mikorosho, kuna matabaka: baiskeli za fremu ya kaboni zinazonyanyuliwa kwa vidole viwili, za alumini, na pembeni kijana kaja na Phoenix ya nyumbani iliyovuliwa kikapu. Kilomita za mwanzo dunia inakwenda kama ilivyozoea, mwenye nacho mbele. Halafu linakuja bonde la mchanga mzito, msafara mzima unashuka chini na kukokota. Aliyelipa mamilioni ili baiskeli iwe nyepesi anagundua kwamba uzito uliobaki ni wake mwenyewe. Kijana wa Phoenix, aliyekulia humo, haingii katikati kabisa. Anapanda na ukingo, anapita kwenye mizizi ya mkorosho, akitokea upande wa pili hata hajafungua kinywa.

Amefundishwa na nani? Na wachukuzi wa mkaa. Hao ndio magwiji wa mchezo huu, ingawa hakuna aliyewavika jezi. Alfajiri wanatoka vijijini Kisarawe na magunia yamefungwa kwa mipira nyuma, baiskeli ya chuma, gia moja, wakiteremka kuelekea Dar es Salaam. Habari ya vibali na misitu ina kesi yake, siigusi leo. Nasema ufundi tu. Mchukuzi anajua mita kwa mita mahali pa kupanda na mahali pa kushuka, na anashuka mapema, bila aibu, kabla mchanga haujamshusha. Sisi tunashuka tumechelewa, kwa kichwa.

Wapo wanaoulaumu mchanga bila kuulinganisha na jirani yake. Waende bonde la Ruvu wakati wa masika. Udongo mweusi wa kule unashika tairi, unaziba nafasi kati ya gurudumu na fremu, mwishowe baiskeli inabebwa na mwenyewe, na kilo kadhaa za wilaya juu yake. Mchanga wa miinuko ya Kisarawe maji yanazama, na uliobaki na unyevu unakuwa mgumu. Punje zikilowa kidogo hushikana, utando mwembamba wa maji kati yao unazivuta pamoja. Ndiyo maana wajuzi huondoka na umande, na wavivu huukuta saa tano umekauka na kuachia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchanga ukitiwa maji ndio kwanza unapitika, kwa hiyo nausifu bila hofu.

Na tunaoudharau tunalala ndani yake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Katika vitu tunavyochota ardhini, maji tu ndiyo yanayotumika zaidi. Ghorofa za Dar es Salaam hazikushuka mbinguni. Mabonde kama la Mpiji yamechimbwa, malori yamepakia, tofali zimefyatuliwa. Mkazi wa mjini huulipia mchanga kwa tripu, sisi tunaurudisha nyumbani bure ndani ya viatu, soksi na mnyororo, halafu tunalalamika.

Pale Soga, tangu mwaka 2024, treni ya umeme ya SGR inapita, treni iliyojengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Sisi tuko pembeni tunakokota. Abiria wa dirishani hatamwona yule mama anayeuza chapati, wala njia ya kwenda Boko Mnemela, wala yule mbwa. Sisi mbwa tumemwona vizuri sana, kwa sababu mchanga haukuturuhusu kumkimbia.

Nakubali kwamba sifa hizi ni za mtu wa Jumamosi. Mama mjamzito wa Marui aliyepakizwa kwenye bodaboda usiku, dereva akichota mchanga kwa miguu miwili, hana ushairi wowote wa kuutolea. Mwenye korosho zake anayesubiri gari lililozama naye hana. Hao wapewe lami, tena leo, na atakayeipinga kwa sababu ya baiskeli yake ya mchezo anyang'anywe helmeti hadharani.

Ombi langu ni dogo. Lami ikishafika Chole, Mzenga na Vikumburu, pembeni yake paachwe ukanda wa mchanga, upana wa mita moja unatosha. Hauhitaji kokoto, greda wala mkandarasi. Bajeti ya matengenezo ni sifuri, masharti ni kwamba usiguswe. Watumiaji tunajulikana, tutakuwa tumeshikilia usukani kwa mkono mmoja, tunakwenda kwa miguu.