Feni Namba Tatu

Jumatatu
Seva ipo kwenye kituo cha afya ndani ya delta, mimi nipo Kibiti mjini. Katikati kuna barabara ya Nyamisati, gati, boti na mikoko, ndiyo maana naiangalia kwa mbali. Asubuhi nimeingia kwenye mfumo endeshi wake, nikaendesha programu ya kusoma vipimo, ipmitool. Hewa inayoingia: nyuzi 38. Feni namba tatu: mizunguko sifuri. Nyingine zinakimbia 12,000 kwa dakika kufidia. Nimempigia mganga mfawidhi. Amesema mashine ni nzima, tena leo ina nguvu, inavuma mpaka wodini.

Jumanne
Ofisi imeuliza nimejuaje habari za feni bila kufika. Nimewaandikia kwamba kwenye ubao-mama wa seva kuna kompyuta nyingine ndogo, ambayo haizimiki hata seva ikizimwa, alimradi waya wa umeme umechomekwa. Inapima joto, volti na feni, na inaandika kila tukio. Mwaka 1998 Intel, Dell, HP na NEC walitoa utaratibu mmoja wa kuzungumza nayo, IPMI. Unaweza kuifikia kupitia mfumo endeshi, au kwa tundu lake lenyewe la mtandao. Tundu letu ni tupu. Waya wake ulihamishiwa kwenye printa ya dirisha la dawa. Kwa hiyo napita kwenye mfumo endeshi, na huo ukianguka nitakuwa namuuliza mgonjwa kama amezimia.

Ofisi imejibu: "Imepokelewa."

Jumatano
Fomu ya matengenezo inataka tarehe ya hitilafu. Nimefungua kumbukumbu ya matukio: feni ilisimama tarehe 1 Januari 1970. Betri ndogo ya saa imekwisha, na kompyuta ikipoteza saa hurudi mwanzo wa hesabu yake. Mwaka huo wilaya ya Kibiti haikuwepo, daraja la Mkapa halikuwepo, na feni yenyewe haikuwepo. Fomu haina nafasi ya maelezo. Nimejaza ilivyosema mashine.

Mchana ofisi imeandika kutaka kujua kwa nini hitilafu hiyo haikuripotiwa mapema.

Alhamisi
Chumbani kuna seva mbili zinazofanana, moja mbovu ya zamani. Nilitaka mlinzi aweke alama kwenye ile nzima, nikaiamuru iwashe taa ya buluu ya utambulisho.

"Shikamoo mzee. Taa ya buluu unaiona?"

"Marahaba mwanangu. Taa hakuna."

Taa hiyo, usipotaja muda, huwaka sekunde 15. Mzee alikuwa bado anatafuta funguo. Nimeiamuru iwake mpaka nitakapoizima. Safari hii ameiona, ameona si salama, na amebonyeza kitufe cha kuzima mashine. Kisha amefunga mlango, zamu yake imekwisha, ameondoka na funguo.

Kompyuta ndogo iko macho muda wote huo, inapima joto la chumba kilichofungwa. Ingeweza kuiwasha seva kwa amri moja, kama tundu lingekuwa na waya. Wagonjwa wameandikwa kwenye daftari la kaunta. Mganga mfawidhi anasema foleni imekwenda haraka kuliko jana.

Ijumaa
Nyamisati. Maji yamepwa, nahodha anasema tusubiri. Abiria mmoja ametueleza habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha humu mikokoni. Julai 1915 meli za Waingereza, Severn na Mersey, ziliipiga bila kuiona. Ndege ilizunguka juu na kutuma kwa redio mahali makombora yalipoangukia. Ndege ikapigwa, na aliyekuwa akitazama akaendelea kutuma masahihisho huku inashuka majini. Nimemsikiliza kwa wivu. Yule hakutegemea mfumo endeshi wa Königsberg.

Maji yamejaa jioni. Mlango wa chumba cha seva umefungwa.

Jumamosi
Mzee amefika na funguo, akaniuliza kama ile taa imepoa. Nimefungua seva. Feni ilikuwa nzima, mjusi ndiye hakuwa mzima. Nimemtoa, nimewasha: mizunguko 8,400, kelele zimekwisha. Mganga mfawidhi amekuja kuuliza kwa nini mashine imepungua nguvu.

Nywila ya tundu lile haikumbukwi na mtu. Si neno: ukiwa msimamizi mkuu wa mfumo endeshi unaweka mpya bila kuulizwa ya zamani, jambo linalonifaa leo na litakalomfaa mwizi kesho. Nimeweka ndefu. Waya wa printa haukupatikana. Mwenye dirisha la dawa yupo msibani Bungu, na bila yeye haguswi mtu wala kitu.

Anayepanda boti Nyamisati wiki ijayo abebe waya wa mtandao wa mita mbili. Tundu nimelibandika karatasi yenye maandishi makubwa, na mzee ameahidi kutobonyeza chochote.