Eka ya Mzee na X ya Mwalimu

Huyu x amenichosha. Mtoto wa Gredi ya 7 akirudi na daftari, kazi ya jioni ni kumtafuta. Akipatikana anapigiwa mistari miwili chini, kisha keshokutwa amepotea tena. Ukiuliza hiyo tano ni tano ya nini, maembe au ng'ombe, unajibiwa, "Ni tano tu, Dadi."

Mwenye aljebra yake hakuanza hivyo. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake Baghdad karibu mwaka 820 bila x hata mmoja. Kila kitu kwa maneno, nambari zikiwemo. Na karibu nusu ya kitabu ni mirathi: marehemu kaacha mjane, watoto, deni na wasia, haya gawanyeni. Herufi zililetwa baadaye sana na Wafaransa, Viète mwaka 1591, kisha Descartes akatutwika x mwaka 1637. Watu walifanya aljebra miaka zaidi ya 700 bila yeye. Shuleni ndiye anayetufungulia mlango, na kwenye shamba hatufiki.

Na hapa ni Kinoo, jamani, ambapo bikoni zimezidi migomba! Landilodi wetu alifariki akaacha eka moja na nusu na nyumba mbili. Ya kwanza watoto watano, mama yao alitangulia; ya pili watatu, mama yupo. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inasema hesabu watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai aongezwe kama kichwa kimoja. Tano na nne, tisa. Tisa mara kitu fulani ni eka moja na nusu. Kitindamimba, ambaye hesabu ya KCSE ilimtoa jasho, alitoa jibu kabla chai haijapoa: sehemu ya sita ya eka kwa kila kichwa, yaani ploti ya hamsini kwa mia na kipande juu, "kabla barabara ya kuingilia haijakatwa." Mwalimu gani humfundisha mtoto barabara ya kuingilia?

Sasa Gredi ya 10 wametengewa hisabati mbili, nzito ya wanaoelekea sayansi na nyepesi ya wengine. Mirathi iwekwe kwenye zote mbili. Mainjinia nao wana ndugu.

Mimi ni mpangaji tu. Kodi yangu ni shilingi 18,000, na tangu matanga yaishe warithi wote wamenitumia ujumbe, kila mmoja na nambari yake ya M-Pesa.