Mwongozo wa Mgeni Rasmi Katika Makazi ya Wazee

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumjua mgeni wa leo, anayekaa saa mbili na kuondoka kabla jembe halijatafutwa.

Wewe ndiye mgeni huyo. Ofisi imekuteua kuongoza ujumbe wa kwenda kuwaona wazee. Fulana zimeshachapwa, bango limeshakunjwa kwenye buti la gari, mpiga picha amelipwa nusu. Kilichobaki ni kujua namna ya kuingia kwenye makazi yale na kutoka salama, yaani bila kuelewa chochote. Si jambo dogo. Waliokutangulia walikwenda kwa nia njema kama yako, mmoja akateleza akauliza swali, akajibiwa, na tangu siku hiyo usingizi wake si ule. Soma taratibu.

Siku ya kwenda

Siku ni moja: 1 Oktoba. Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990, na tangu 1991 dunia huwakumbuka wazee tarehe hiyo. Hesabu yake ni nafuu: ukishawakumbuka siku moja, zinabaki 364 za kupumzika.

Usishangae ukikuta getini magari ya benki, ya chuo na ya kikundi cha vikoba, na kwaya inapasha sauti. Subiri zamu yako. Kufikia adhuhuri mzee atakuwa amekunywa soda tatu na kuambiwa mara nne kwamba yeye ni hazina ya taifa. Februari hakuna foleni. Uji unaweza kuwa mwepesi, na mhudumu aliyekwenda likizo ya uzazi huenda hajapata wa kumshikia nafasi. Februari usiende.

Umbali nao usikusumbue. Baadhi ya makazi haya yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na kambi ya kuficha watu haijengwi karibu na stendi. Dawa ya ukoma ilipopatikana, waliokuwa wamesahauliwa na ndugu zao wakabaki, wazee wasio na pa kwenda wakaongezwa. Barabara haikuongezwa. Kwako hiyo ni neema, maana utakuwa na sababu ya kuwahi kurudi.

Zawadi

Beba sukari, kwa magunia. Hupangika vizuri chini ya bango, na nembo ya ofisi hubandikika juu ya gunia. Usiulize ni wangapi wana kisukari. Ongeza biskuti ngumu, na usiangalie vinywa. Maliza kwa miche ya sabuni, umkabidhi mkononi mzee ambaye mikono yake imekunjwa na kiharusi.

Vya kuepuka ni hivi: pampasi za watu wazima, glavu, betri za tochi na vile vimpira vya chini ya mkongojo. Kimpira kile ni hatari sana. Bei yake haifiki chupa chache za maji utakazokunywa njiani, lakini kikiisha, mkongojo huteleza kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, nyonga huvunjika, na mzee aliyekuwa akijiendea msalani anakuwa wa kuhudumiwa kitandani mpaka mwisho. Mtu anaweza kukesha akiliwaza hilo. Isitoshe, kimpira hakipigiki picha. Hata kamera ikisogezwa vipi, kitaonekana kama kifuniko cha chupa. Sukari huonekana kuwa sukari.

Ukiguswa sana, nunua mafuta ya kuchua migongo ya waliolala. Usimsikilize atakayekutajia Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza ambaye yeye na wenzake walichapisha mwaka 1962 uchunguzi wao juu ya uuguzi wa wazee hospitalini. Kidonda cha kulalia, waliona, hakizuiwi na mafuta wala dawa za kupaka. Kinachokizuia ni kumgeuza mgonjwa kwa saa, usiku na mchana, ili uzito wa mwili usikandamize mahali pamoja. Habari mbaya mno kwa mtoa msaada. Kugeuza hakuuzwi dukani, hakufungwi kwenye katoni, na hakuna pa kubandika nembo.

Salamu

Usiwaamkie mmoja mmoja. Wazee arobaini wakiamkiwa kwa zamu, kila mmoja akajibu marahaba na kukuuliza wewe ni mtoto wa nani, ratiba imekwisha. Shika kipaza sauti, sema, "Wazee wetu, shikamooni!" Marahaba itakurudia kwa mkupuo, nawe umemaliza.

Baadhi hawatajibu. Usifikiri wamekasirika. Wengine masikio yameziba kwa nta, na muuguzi mwenye bomba na maji ya uvuguvugu angeweza kuwarudishia sauti za ndege asubuhi ile ile. Wengine hawakuoni kwa sababu ya mtoto wa jicho. Upasuaji wake kwa kawaida hauchukui hata saa nzima, kwa hiyo ni mfupi kuliko risala yako.

Waite wote Babu na Bibi. Jina usiulize. Jina huleta habari zake, na habari hazina mlango wa kutokea. Utaambiwa huyu alikuja mkongeni akiwa kijana, manamba mwenye sanduku la bati, mkataba ukaisha, nauli ikaisha, na wa kwao wakaacha kumngoja. Yule pale ni bibi aliyepikia kuni za moshi maisha yake yote. Macho yakawa mekundu, na kijijini wakayasoma mekundu hayo kuwa ni uchawi. Alikimbia usiku na kanga mbili. Ukishajua hayo, siku moja utakuwa kwenye foleni ya mafuta ya gari na utamkumbuka kwa jina.

Risala

Hapa zungumzia mila. Sema Mwafrika hamtupi mzazi wake. Sema mambo ya kuwapeleka wazee kwenye makazi ni ya kuiga. Tamka hivyo mbele ya wazee waliomo kwenye makazi, tena kwa sauti ya kupanda.

Ukitaka kuonekana umesoma, itaje Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003. Sera hiyo ilisema familia ndiyo ya kwanza kumtunza mzee, na makazi ni hatua ya mwisho. Ni kweli, na ni busara. Ila usitulie kwenye kiti ukayatafakari maneno hayo, utagundua kwamba waliokaa mbele yako ndio hiyo hatua ya mwisho. Kwa asiye na mtoto, au aliyefukuzwa na watoto, kumhubiria juu ya familia ni kama kumpa aliyeunguliwa nyumba mafunzo ya kutunza paa.

Picha

Kabidhi gunia kwa mikono miwili, wewe ukitazama kamera, mzee akitazama gunia. Waliokaa chini ya mwembe ndio wa kupiga nao picha, maana hao wanatembea, wamevishwa fulana yenu na wanajua kupunga. Mzoefu wa makazi anajua mpaka upande wenye mwanga.

Afisa mfawidhi akikunong'oneza, "Wengine wako ndani," jibu upesi, "Tutawaombea." Usiingie. Ndani harufu ndiyo inayosoma risala. Godoro lililolowa tangu alfajiri haliwezi kufunikwa kwa bango. Na aliye ndani ndiye ambaye makazi haya yanapimwa kwake. Aliye chini ya mwembe anaweza kujichotea maji akisahauliwa.

Maswali ya hatari

Haya usiyaulize kabisa. Nimeyaorodhesha ili uyatambue yakikujia mdomoni.

*Usiku wanabaki wahudumu wangapi?* Swali baya kuliko yote. Jibu lake ni tarakimu ndogo, na tarakimu hiyo hueleza kila kitu kingine. Mhudumu mmoja kwenye mabweni mawili hawezi kumgeuza mmoja, kumpeleka wa pili msalani na kumtuliza wa tatu kwa wakati mmoja. Wa pili ataamua kwenda mwenyewe gizani. Rudi kwenye habari za kimpira.

*Wamekunywa maji kiasi gani leo?* Kiu hufifia uzeeni, na mzee anayeogopa safari ya msalani hupunguza maji kwa hiari yake. Siku mbili tatu baadaye anaanza ghafla kumwita marehemu mkewe na kutaka kwenda shamba. Huenda maji yamempungua mwilini, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, na yote mawili yanatibika. Wewe sema, "Uzee huo." Maneno haya mawili ni kinga ya kila swali. Mguu unauma? Uzee huo. Hali chakula? Uzee huo. Hakuna ugonjwa ambao hayajawahi kuuacha bila matibabu.

*Nani ameamua chakula cha jioni kiliwe saa kumi?* Zamu imeamua, kwa sababu wa mchana lazima aoshe vyombo kabla hajaondoka. Hilo liache. Usije ukapendekeza wazee waulizwe. Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye nyumba ya wazee huko Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa mambo yao ni yao, na kila mmoja akapewa mmea wa kutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mimea pia, lakini wakaambiwa wauguzi wataimwagilia. Baada ya wiki chache wale wa kwanza walionekana wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Bila gunia hata moja! Hebu fikiri habari hizo zikienea. Babu ataomba tuta la mchicha, bibi atataka chai yake baada ya magharibi, na wote wataanza kuonekana kama watu waliokuwa na nyumba zao.

*Mhudumu analipwa nini, na amefundishwa na nani?* Hapana. Mwite "mama mwenye moyo wa kujitolea", mpigie makofi, upite. Ukianza kusema kumnyanyua mtu mzima bila kumchubua ngozi wala kujivunja mgongo ni ufundi wa kusomewa na kulipwa, utatakiwa kutafuta fedha za mshahara. Mshahara ni wa kila mwezi, Februari ikiwemo.

Kuondoka

Aga ukiwa umesimama. Bibi akikushika mkono akauliza utarudi lini, sema "Mungu akipenda", umtwike Mungu mzigo huo. Hesabu watu wako kwenye basi, hesabu na viti. Zaidi ya yote, kagua kama umesahau kitu.

Hili nalisisitiza, maana ndilo lililowaponza wengi. Ukisahau kofia yako chini ya mwembe, iache. Nunua nyingine. Ukiirudia utafika saa mbili usiku, wakati soda zimekwisha na mwembe hauna mtu. Hutasikia kwaya. Utasikia mtu anaita kutoka ndani, kwa sauti ya asiyetegemea sana kujibiwa. Mlango utakuwa wazi. Mhudumu atakuwa peke yake, ameishika tochi kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ina kazi, na hatakuuliza wewe ni nani wala umetoka ofisi gani. Ataitoa tochi mdomoni aseme, "Afadhali umekuja. Shika huku begani, tumgeuze."

Kisha atamwita mzee kwa jina lake, kumwambia kinachofanyika.

Hapo ndipo jembe litakuwa limekufikia. Ni jepesi kuliko ulivyodhani, lina joto, na linakuambia asante mwanangu. Ukishalishika, mwongozo huu hautakufaa tena. Mpe wa mwakani.