Okello Yupi?

Mimi nilikuwa Okello kabla sijazaliwa. Kwetu Lango, mama akishajifungua mapacha, mtoto anayefuata hana mjadala: akiwa wa kiume ni Okello, akiwa wa kike ni Akello. Wazazi wengine huumiza vichwa kutafuta jina. Wangu walikaa wakanisubiri nije kulichukua lilipo. Ubaya ni kwamba mapacha kwetu si haba, na nyuma yao kila mara hutokea mtu. Simama kwenye geti la jengo lolote hapa Kampala uite "Okello!" Askari wa zamu atageuka, mpishi atachungulia dirishani, na mhasibu wa ghorofa ya tatu ataacha hesabu katikati.

Baganda wana utaratibu huo huo, tena wao wameupanga mbele na nyuma. Pacha wa kwanza wa kiume ni Wasswa, wa pili Kato. Wa kike ni Babirye na Nakato. Aliyewatangulia anaitwa Kigongo, anayewafuata Kizza, na anayemfuata Kizza ni Kamya. Baba anageuka Ssalongo, mama Nnalongo, na majina waliyopewa na wazazi wao yanabaki kwenye hati ya kiwanja. Ndiyo maana uchaguzi wa 2016 ulituletea bungeni Kato na Babirye kwa pamoja, na mtu asiyewajua angedhani wametoka tumbo moja. Kato Lubwama alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, akachaguliwa na watu wa Rubaga Kusini. Judith Babirye ni mwimbaji wa injili, naye akatokea Buikwe. Kila mmoja na pacha wake.

Kizza ndiye aliyewahi kuniponza nikiwa mbali na nyumbani. Miaka ile ya maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, yaliyoanza 2011, mpinzani wa serikali, Dokta Kizza Besigye, alikuwa akitoka tu mlangoni, polisi wanamrudisha. Nilikuwa Dar es Salaam, ndani ya daladala ya Kariakoo, nikapokea simu, kisha nikamgeukia mwenzangu: "Kizza kazuiwa tena." Jamaa wa kiti cha mbele akageuka mwili mzima.

"Kazuiwa na nani? Beki gani wa ligi hii wa kumzuia Diego?"

Alikuwa mtu wa Yanga, na kwake duniani kulikuwa na Kiiza mmoja tu, Hamis Kiiza, mshambuliaji wetu aliyekuwa akiwafungia mabao. Nikamwambia ninayemsema mimi amezuiwa na polisi. Hapo daladala nzima ikaingilia kati, wengine wakisema ni hujuma za Simba. Baadaye Diego mwenyewe alihamia Simba, lakini sikuwepo kusikia ilivyopokelewa.

Kwa msongamano, hata hivyo, hakuna wa kuwapita akina Kiwanuka. Kiwanuka ni mzimu wa radi wa Baganda, na radi yake haichagui pa kupiga. Achileo Kiwanuka alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wafiadini wenzake, kijana aliyeufia Ukristo huku akiitwa kwa jina la mzimu. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka aliwekwa wakfu Roma kuwa askofu wa Masaka, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kukabidhiwa jimbo Katoliki, na baadaye akawa askofu mkuu wa Rubaga. Wakati huo huo mjini alikuwepo Joseph Kiwanuka mwingine, mwanasiasa wa Uganda National Congress. Na chama cha Democratic Party, ambacho kila mtu alikihesabu kuwa cha Wakatoliki, kikaongozwa na nani? Benedicto Kiwanuka.

Namwonea huruma mhariri wa gazeti wa mwaka 1961. "Kiwanuka ashambulia serikali." Yupi? Wa kanisa, wa chama hiki au wa chama kile? Mji ulijitatulia wenyewe: yule mwanasiasa wa Congress akabandikwa jina la Jolly Joe, na askofu akabaki na kofia yake. Benedicto hakuhitaji utani. Aliongoza serikali ya kwanza ya kujitawala, kisha akawa Jaji Mkuu, na Septemba 1972 askari wa Amin wakamtoa Mahakama Kuu mchana kweupe, asirudi. Leo jina lake liko kwenye mtaa ulio karibu na stendi ya zamani ya teksi, pale ambapo huwezi kupita bila kuuziwa soksi. Ukimwambia bodaboda "nipeleke Ben Kiwanuka," hakuulizi Jaji Mkuu; anakuuliza duka gani.

Halafu kuna Michael, aliyezaliwa London mwaka 1987 na wazazi Waganda. Alipoanza muziki alishauriwa atafute jina jepesi la jukwaani, kwa sababu Kiwanuka lingewashinda watu ulimi. Akagoma. Mwaka 2019 akatoa albamu akaiita Kiwanuka, basi, na mwaka uliofuata ikampa Tuzo ya Mercury. Nilimpongeza moyoni, lakini nikajiambia hilo angelijaribu hapa Kampala aone. Hapa ukitoa albamu iitwayo Kiwanuka, fundi viatu, paroko na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aliyeteuliwa 2021, Kiryowa Kiwanuka, wote wana haki ya kudai mgawo wao.

Akina Obua wa kwetu Lango wao wamezidisha. Denis Obua aliichezea timu yetu ya taifa, Cranes, miaka ya 1970, akaja kuwa rais wa shirikisho la mpira, FUFA, kuanzia 1998 hadi 2004, akafariki mwaka 2010. Desemba 2019 Rais akateua waziri wa nchi wa michezo: Denis Obua. Huyu ni Denis Hamson Obua, mbunge wa Ajuri, ambaye baadaye alipanda kuwa mnadhimu mkuu wa serikali bungeni. Lakini mtangazaji wa redio ana haraka zake, na Hamson ndilo neno linaloachwa. Mjomba wangu, ambaye mpira anaujua na siasa hazimhusu, alisikia kwamba Obua amerudi kwenye michezo. Akanipigia usiku ule ule.

"Mwanangu, kwani ule msiba wa 2010 tulikula chakula cha nani?"

Nije kwangu sasa. Akina Okello mashuhuri wa zamani walikuwa na kazi moja waliyoipenda, kupindua serikali. John Okello, mtu wa Lango kama mimi, alifika Pemba mwaka 1959 akitafuta riziki kwa kazi za mikono. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 aliongoza mapinduzi ya Zanzibar, na kulipokucha watu wakamsikia redioni akijitangaza Fildi Masha na kutoa vitisho vya kumkausha mtu mate. Haikuchukua miezi mingi Karume akamfungia mlango. Aliandika kitabu chake, kikatoka 1967, akarudi Uganda, na mara ya mwisho alionekana 1971 akiwa na Idi Amin.

Julai 1985 wakaja wawili kwa mpigo. Bazilio Olara-Okello aliiangusha serikali ya Obote tarehe 27 na kushika nchi kwa siku mbili. Kisha akaketi Tito Okello hadi Januari 26, 1986. Wengi walidhani ni ndugu. Hawakuwa, ni jina tu, na bunduki. Katikati hapo Tito alitia saini na Museveni mkataba wa amani mjini Nairobi, mbele ya Rais Moi, na haukupita mwezi mmoja na nusu Museveni akawa Ikulu. Walioubatiza mkataba ule mzaha wa amani hawakukosea.

Kwa historia hiyo, jaribu kuandika jina langu kwenye daftari la wageni Unguja. Nilifikia nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe. Mapokezi alikaa mzee wa kofia na kanzu, redio ndogo pembeni ikisoma taarifa ya habari. Nikamwamkia, akaitikia, nikaandika, akaligeuza daftari.

"Okello?"

"Ndiyo, mzee."

"Wa Uganda?"

"Wa Uganda."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu bila haraka, akaivaa tena na kunitazama kuanzia viatu.

"Safari hii umekuja peke yako?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na sikumlaumu, maana damu iliyomwagika mwaka ule wa 1964 ilikuwa nyingi na wapo waliozika ndugu zao. Akanikabidhi ufunguo, akanieleza saa za chai, akanitakia mapumziko mema kwa ule ustaarabu wa Kizanzibari usio na dosari. Kisha akaibeba redio yake na kuingia nayo ndani.

Nyumbani Kampala si afadhali, hasa kwa Okello anayesema Kiswahili. Huku wengi walikisikia lugha hii kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na wazee bado wanaikumbuka "panda gari", misako ile ya miaka ya themanini ambapo amri ilikuwa hayo maneno mawili tu. Mwenye nyumba wangu wa kwanza, mama mmoja wa Kiganda, alinisikia usiku nikibishana Kiswahili kwenye simu. Nilikuwa nabishana na mhariri juu ya mkato. Asubuhi alibisha hodi, akapiga magoti kunisalimia kama ilivyo desturi yao, kisha akanipunguzia kodi bila kuombwa.

"Ssebo, sisi hapa tunapenda amani."

"Nnyabo, mimi ni mfasiri. Natafsiri vitabu."

"Ndiyo, ssebo. Hata wale hawakuwa wanasema kazi yao."

Kodi niliipokea ilivyopungua. Siku hizi mambo yamelainika kidogo kwa sababu ya Allan Okello, kiungo wa Cranes aliyekulia KCCA. Watoto wa uani wakiniona wananiuliza kama ni ndugu yangu. Sijawahi kukanusha.

Hata herufi moja ina mambo yake. Niliwahi kwenda kliniki moja mjini kwa kipandauso kilichokuwa kikinitesa. Feni inapiga kelele, watoto wanalia, mhudumu wa maabara akatoka na karatasi akaita jina kwa sauti ya kuchoka. Nikaenda. Daktari, kijana mdogo, hakuinua macho kwenye karatasi.

"Usiwe na wasiwasi kabisa. Kichwa kimeshaanza kugeuka chini, inavyotakiwa."

Nikashika kichwa changu. Ndipo akanitazama, akaitazama karatasi, akaitazama tena. Nje ya mlango alikuwa amesimama Akello, tumbo limemtangulia, mkononi ana majibu yangu, na uso wa mtu aliyetoka kuambiwa apunguze kahawa na asikodolee kompyuta usiku wa manane.

Lakini Okello anayenitawala maisha si Fildi Masha wala jenerali. Ni fundi bomba wa mtaani kwangu. Nusu ya mtaa ina namba zetu wote wawili, na hakuna aliyejisumbua kutofautisha. Napigiwa saa kumi na moja alfajiri na mama anayelia kwamba maji yamefika sebuleni. Nimetumiwa picha za vyoo ambazo sikuziomba. Nimeshajua bei ya koki ya nusu inchi kwa jumla na kwa rejareja, na zamani nilikuwa najieleza, siku hizi nauliza tu, "Umefunga vali kuu?" kisha nawapa namba yake. Yeye naye hunitumia watu wangu. Mwanafunzi mmoja alimsomea sura nzima ya tasnifu kwenye simu; fundi alimvumilia hadi mwisho akamwambia aje na vipimo.

Juzi likatokea kubwa zaidi. Tangu Baraza la Mawaziri liamue mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, warsha za Kiswahili zimekuwa nyingi hapa mjini, na waandaaji wa mojawapo walinialika kwa simu. Wakamwalika fundi. Akaambiwa kuna chakula cha mchana na nauli ya kurudia, wanataka maoni ya mtaalamu kuhusu kukwama kwa mambo. Akavaa koti la harusi akaenda.

Niliyajua hayo ripoti iliponifikia kwa barua pepe, jina langu likiwa kwenye orodha ya waliohudhuria, na sahihi isiyo yangu. Ukurasa wa nne, chini ya kichwa "Changamoto za kufundisha Kiswahili Uganda", imeandikwa: "Bw. Okello alisisitiza kwamba tatizo haliko juu linakoonekana, bali liko chini. Na kwamba kuendelea kumimina pesa bila kufukua msingi ni kujidanganya, kwani litarudi tu wakati wa mvua." Pembeni mtu ameandika kwa kalamu, akapigia mstari: "Hoja nzito."

Nimehudhuria warsha za lugha miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo. Sasa wamenitumia mwaliko wa kikao cha pili, wakiomba nifafanue zaidi hilo la mvua. Nimempigia fundi. Anasema Jumanne ana nafasi, ila nauli waongeze, na safari hii wamwonyeshe hilo bomba.