Hotuba ya Kwanza Juu ya Ilmu ya Nauli, Iliyotolewa Songea

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu wa Lizaboni na Bombambili, akina mama mliofunga vibanda mapema ili msikose faida hii, na nyinyi vijana mlioketi madirishani kwa kuwa viti vimekwisha: nimesimama mbele yenu jioni hii, si kwa tamaa ya sifa, maana sifa nilizo nazo zanitosha na akiba imebaki, bali kwa sababu mji wetu huu, uliojaaliwa maaskofu, mahakimu, mabwana shamba na mafundi wa kila namna, haujapata hata siku moja mtu aliyeketi kitako akaitafakari nauli. Nimeitafakari mimi. Vyeti sina, na sababu yake ni nyepesi: mahali ilipofika ilmu yangu hakuna mwalimu aliyetangulia, basi nani angenitahini?

Mnajua maradhi yenyewe. Mtu yuko kitandani, usiku, simu mkononi, akaona saa ya mkono yenye dira, tochi na kipimo cha mapigo ya moyo, kwa shilingi ambazo hapa mjini hazinunui hata mkanda wake; na chini yake pameandikwa kwamba usafirishaji ni bure. Hapo hapo mtu huyo, ambaye mchana alibishana robo saa na muuza nyanya wa Soko Kuu juu ya shilingi mia mbili, hufanywa mwana-kondoo, akatoa fedha zake zote bila ya kuuliza swali, kwa taajiri asiyemjua jina, katika mji asioweza kuutamka.

Wadhanio kwamba kuagiza vitu vya ng'ambo kumezaliwa pamoja na simu za vioo hawajui tarikhi ya kwao. Katika karne ya kumi na tisa kitambaa cha merikani kilifumwa kwa mitambo huko Marekani, kikapakiwa katika marikebu za Salem, Massachusetts, kikashushwa Unguja, kisha kikavushwa mpaka Kilwa Kivinje. Na kutoka pale misafara ilipanda nacho bara, ikapita katika nchi hii ya Wangoni, hata Ziwa Nyasa. Marikebu ilibeba majora kwa maelfu. Mpagazi alibeba frasila mbili kichwani, basi. Na ilimlazimu kula kila siku, na kulala, na kuugua, na wakubwa wa njiani walidai hongo kabla ya kufungua njia, hata jora lilipofika ziwani bei yake ilikuwa imekwisha kuzaa watoto na wajukuu. Kutokana na jambo hilo nimeistinbiti kanuni yangu ya kwanza, ambayo nawaomba muiandike kwa wino: bahari ni nyembamba, iliyo pana ni nchi kavu.

Ithibati ninayo. Mnamo tarehe 26 Aprili 1956, bwana mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alipakia makontena 58 katika meli iitwayo Ideal X, ikatoka Newark ikaenda Houston, na tangu siku hiyo mzigo ulianza kutopakiwa tena gunia kwa gunia migongoni mwa makuli, bali sanduku zima la chuma liliinuliwa likawekwa. Leo meli moja kubwa hubeba makontena kwa maelfu. Kutoka Guangzhou hata Dar es Salaam ni mwendo wa karibu kilomita elfu kumi, na mzigo hukaa majini mwezi na zaidi, lakini gharama ile ikigawanywa juu ya kila kikombe na kila ndala iliyomo, haitikisi mfuko. Sasa shusheni kikombe hicho bandarini mkilete Songea: kilomita zipatazo 950, lori moja, dereva mmoja na utingo wake, mafuta ya kupandia Kitonga, breki za kuteremkia Lukumburu. Pale ndipo kikombe kinapoanza kunywa fedha za mwenyewe.

Kijana mmoja hapo dirishani anatikisa kichwa. Tikisa, mwanangu, nitafika kwako.

Fauka ya hayo, kontena lijalo kwetu likiwa limejaa aghalabu hurudi tupu, kwa kuwa twanunua kwa makontena mengi kuliko tuuzavyo, na safari ya utupu ule haitolewi sadaka na mtu. Imo ndani ya nauli ya kujia. Kwa hiyo yule anunuaye ndoo ya plastiki hapa kwetu amelipia pia matembezi ya hewa kurudi Uchina. Hili nimelisema mara nyingi barazani, na watu hucheka, lakini mwenye meli hacheki.

Na maadam tumeitaja hewa, tuingie katika mlango mgumu wa ilmu hii, usiofunguliwa kwa kila mtu. Mizani ya ndege haipimi uzito peke yake. Chukueni boksi la mito ya kulalia, urefu sentimita 60, upana 50, kimo 40. Zidisheni, mpate 120,000. Gawanyeni kwa 5,000, kama wafanyavyo wasafirishaji wengi wa ndege. Jawabu ni 24. Mito ile ina kilo tatu tu, nanyi mtalipia kilo ishirini na nne! Boksi hilo hilo likija kwa meli litahesabiwa kwa CBM, yaani meta za ujazo, nalo ni sehemu 0.12 ya CBM moja. Ndiyo maana nikasema, na nitazidi kusema, kwamba mwenye akili huagiza kwa ndege vitu vizito vilivyo vidogo, na mpumbavu huagiza sufi.

Ama ushuru, msikilize kwa utulivu. Watu wengi hudhani forodha hutoza thamani ya kitu. La, hasha! Hutoza thamani ya kitu, na bima yake, na nauli yake mpaka bandarini, vyote vikiisha kukusanywa pamoja. Mathalan, bidhaa ya shilingi 100,000, ikiwa nauli na bima ni 40,000, imekuwa ya 140,000. Juu yake wekeni ushuru wa asilimia 25: 35,000. Sasa ni 175,000, na juu ya jumla hiyo, pamoja na ushuru wenyewe, huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni 31,500. Tumefika 206,500, na tozo ndogondogo sijazigusa, wala hatujaondoka Kurasini. Ikiwa ni nguo, yapasa kukumbuka kwamba tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ngazi ya nne ya ushuru, ya asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo. Mawakala wengi wa Kariakoo hukutajia bei moja ya CBM iliyokwisha kuimeza kodi, nawe ukashukuru kwamba hukutozwa kitu.

Mtauliza: ile nauli ya bure ilitoka wapi? Ilitoka posta. Mataifa yalikutana Bern mwaka 1874 yakaafikiana kupelekeana barua, na hata 1969, walipokutana Tokyo, ndipo yalipokubaliana kulipana kwa kazi ya kuzigawa. Na nchi zilizohesabiwa kuwa changa ziliwekewa viwango vya chini, Uchina ikiwamo. Hivyo ikatokea kwamba kifurushi kidogo cha Uchina kiliweza kufika nyumba ya Mmarekani kwa gharama pungufu kuliko kile kilichotumwa na jirani yake. Marekani ilikasirika, mwaka 2018 ikatangaza kujitoa, na mwaka 2019 ilitulizwa Geneva kwa viwango vipya. Songea hatukualikwa, jambo ninaloliona kuwa upungufu mkubwa wa mkutano ule.

Sasa nije kwenye tajriba zangu mwenyewe, maana ilmu bila ya tajriba ni soga. Niliagiza kipima unyevu cha mahindi. Mnajua kwamba mkulima wa Ruvuma akipeleka mahindi mabichi kwenye ununuzi hurudishwa nayo nyumbani, kwa hiyo chombo hiki ni cha faraja kuu. Kilikaa baharini, kikakaa bandarini, kikakaa Kariakoo, kikapanda basi, nikakipokea stendi ya Shule ya Tanga usiku wa manane nikakipeleka nyumbani kwa bodaboda, ambaye peke yake alidai theluthi ya bei ya chombo. Nikakichomeka katika gunia la mahindi makavu: asilimia 12. Katika mahindi yaliyonyeshewa: asilimia 12. Mke wangu akakitia katika kikombe cha chai ya maziwa: asilimia 12. Wako watakaosema kimeharibika. Mimi nasema ni chombo chenye msimamo, nacho kimepatikana katika zama ambazo msimamo umeadimika hata kwa wanadamu.

Naona mama wa pale mbele amenyoosha mkono. Karibu, mama.

Anauliza kwa nini asinunue tu pale dukani kwa jirani, karibu na soko, mahali ambapo kitu kile kile kipo, akakishika, akakijaribu, na kikimharibikia akarudi kugombana na mwenye duka uso kwa uso. Ahsante, mama. Ni swali la mtu asiyesoma, lakini nitalijibu. Mwenye duka yule, mzigo wake ulipanda meli ile ile, ukatozwa kodi ile ile, ukapita Lukumburu kwa lori. Tofauti ni kwamba yeye alileta vitu mia tatu kwa pamoja, na kila gharama ya njiani akaigawa kwa mia tatu, ilhali mimi naigawa kwa moja, bodaboda akiwamo. Kwa hiyo bei yake huwa chini ya yangu. Hili ni dhahiri kwa hisabu, wala silikatai. Lakini mama, ukinunua dukani umenunua kitu; ukiagiza, umefanya tijara ya kimataifa!

Makofi yenu nayapokea.

Kwa kumalizia, nimekwisha kuzungumza na muuzaji, naye ameridhia kwamba tukifikisha vipima unyevu mia mbili, kila kimoja kitashuka bei kwa nusu. Daftari liko pale mlangoni kwa kijana wangu. Kila atakayeandika jina atatoa kwanza nusu ya fedha, na nusu ya pili mzigo ukifika Dar. Bodaboda kila mtu ajitegemee.