Namna ya Kupita Pont-Saint-Martin Bila Kuiona

Mji wa Pont-Saint-Martin uko mlangoni mwa Bonde la Aosta, kaskazini-magharibi mwa Italia, pale mto Lys unaoteremka kutoka kwenye barafu ya Monte Rosa unapoingia mto Dora Baltea. Wakazi wake hawafiki elfu nne. Kwa miaka elfu mbili kazi kubwa ya mji huu imekuwa kupitwa. Warumi waliupita wakienda Galia, mahujaji wanaupita kwa miguu wakienda Roma, na wewe, ndugu msafiri, unatakiwa uupite mbio ukawahi Courmayeur, upige picha na Mont Blanc na kuirusha kwenye kundi la ukoo kabla giza halijaingia. Maelekezo ni haya.

Chukua gari Torino, ushike barabara ya A5, na ukiona kibao cha Pont-Saint-Martin kanyaga mafuta. Barabara hiyo ni ya kulipia, tena si kidogo, na mtu aliyetoa fedha yake halali haachi njia ili akaangalie mawe. Treni usiitegemee: reli kati ya Ivrea na Aosta ilifungwa Januari 2024 ili iwekewe umeme, abiria wakahamishiwa kwenye mabasi, na basi lina tabia mbaya ya kusimama mijini.

Ikitokea umelazimika kusimama, tuseme mtoto kabanwa na haja, tazama chini. Ukiinua macho utaliona daraja la Kirumi la karne ya kwanza kabla ya Kristo: tao moja la mawe, zaidi ya mita 30 kutoka ukingo hadi ukingo, lililobeba majeshi, nyumbu na mikokoteni mpaka karne ya 19. Hapo hatari ni kuanza kulilinganisha na lile la kwenu, lililozinduliwa kwa ngoma na hotuba mwaka juzi, likaondoka na masika ya kwanza. Utaumia roho bure. Mbaya zaidi, utauliza mkandarasi alikuwa nani.

Wenyeji watakujibu: Shetani. Wanasimulia kwamba Mtakatifu Martin, askofu wa Tours, alifika hapa akakuta mafuriko yameondoa kivuko. Shetani akaleta zabuni yake: daraja kukamilika kwa usiku mmoja, na malipo ni roho ya kwanza itakayovuka. Hakuna aliyetoa bei ya chini zaidi, mtakatifu akakubali. Alfajiri daraja likawa limesimama. Martin akarusha kipande cha mkate upande wa pili, mbwa mwenye njaa akakimbilia, na Shetani akalipwa mbwa. Kila kipengele cha mkataba kiliheshimiwa. Mkandarasi akatokomea mtoni kwa hasira, na hadi leo, kanivali inapofungwa kabla ya Kwaresima, watu wa mji huchoma sanamu yake chini ya daraja hilohilo. Nijuavyo mimi, ndiye pekee katika fani hiyo aliyemaliza kazi kwa wakati, na shukrani yake ndiyo hiyo.

Usiendelee kuuliza, maana utafikishwa kwenye tarehe 23 Agosti 1944. Ndege za Washirika zilikuja kupiga madaraja ya hapa, zikaua zaidi ya wakazi mia moja. Daraja la Warumi halikuanguka.

Chakula nacho ni mtego. Jirani, kijiji cha Arnad hulaza mafuta ya nguruwe kwenye maji ya chumvi na majani yenye harufu, kisha huyakata vipande vyembamba vya kuyeyukia mdomoni. Asiyekula nguruwe ameponea hapo, lakini bado kuna polenta, ambayo ni ugali wa mahindi uliosongwa na siagi na jibini ya fontina. Mtu aliyekulia ugali akiuonja ataanza kubishana na mpishi, na ubishi wa ugali hauishi mapema.

Donnas, mji unaofuata, pita umefumba macho (dereva asamehewe). Humo Warumi walichonga barabara kwenye mwamba kwa zaidi ya mita 200 na kuacha lango la jiwe ambalo hawakulijenga, walilitoboa tu. Mizabibu imetandazwa juu ya matuta ya mawe kila mahali.

Mbele kidogo ni Bard, na hapo haraka yako iwe na adabu. Napoleon alifika mwezi Mei 1800 akiwa na haraka kuliko wewe, na jeshi la watu wapatao 40,000. Waaustria kama 400 ndani ya ngome wakamchelewesha kwa wiki mbili. Ilibidi mizinga ipitishwe usiku, magurudumu yamefungwa nyasi ili yasilie. Baadaye akaamuru ngome ibomolewe, wafalme wa Savoia wakaijenga upya kati ya 1830 na 1838, na leo ni makumbusho. Anayedhani atalipita bonde hili kwa dakika kumi aanze kwa kumshinda Napoleon.

Kama yote haya yamekushinda na gari umeshaliegesha, mwongozo huu hauna msaada tena kwako. Panda basi la kwenda Gressoney, juu ya bonde la Lys, kwa Wawalser ambao wamesema Kijerumani chao tangu Enzi za Kati, au baki palepale. Kuvuka daraja ni bure. Ukijikuta wa kwanza asubuhi, tanguliza mkate.